Namba Saba Walikuwa Wawili

Nimeandika programu miaka mingi, na sijapata kuona kitu kilichonitisha kama mstari mmoja mfupi wa Java. Niliuandika mwenyewe, mchana kweupe, nimeshiba, nimekaa chumbani kwangu Kambarage, mjini Shinyanga, feni inapuliza. Kompyuta iliukubali. Majaribio yote yalipita. Mpaka leo naukumbuka mkono wangu ukiuandika.

Kazi yenyewe niliipata kwa kikundi cha wachimbaji wadogo upande wa Runzewe. Walikuwa na duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na walitaka jambo moja tu: kila saa wajue nani yuko chini. Mwamba wa pale haukubali sururu peke yake, unapasuliwa kwa baruti, na kabla ya baruti shimo lazima liwe tupu. Karani wao, mama wa makamo aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza, alikuwa anaandika kwenye daftari. Nililishika lile daftari kwa ncha za vidole. Lilikuwa limelowa, limepakwa tope, na majina yameandikwa juu ya mistari, chini ya mistari, pembeni, mengine yamebanwa kwenye kona mpaka mgeni hawezi kuyasoma. Nikajisemea, hawa nimekuja kuwaokoa.

Sasa nieleze habari ya namba, maana bila namba huwezi kuelewa nilivyokosea. Kila mwanakikundi ana namba yake, na mawe yakitoka yanagawanywa kwa namba, si kwa majina. Mwenye namba akiugua, akifiwa, au akienda kwao kuvuna mpunga, ndugu yake anaingia kwa namba ile ile na mgawo haupotei. "Namba haiumwi," wenyewe husema. Mbadala anakuja hadi mdomo wa shimo, karani anamwandika, yeye anashuka, na yule aliyechoka anapanda. Ndivyo walivyofanya kabla sijazaliwa, na walifanya vizuri tu.

Nikaliona jambo hilo kwa jicho la fundi anayejipenda. Watu wanakuja na kuondoka, namba inabaki. Basi kitu chenyewe ni namba, jina ni pambo. Kwa kila namba nikatengeneza kitu kimoja kwenye kumbukumbu ya simu, chenye jina na hali: ndani au nje. Mbadala akija, karani anabonyeza, jina jipya linakaa pale pale lilipokuwa la zamani. Simu yao ilikuwa ya bei nafuu na kumbukumbu yake finyu. Kwa nini niijaze majina ya watu walioshaondoka?

Siku niliyomfundisha kuitumia, mama karani aliuliza swali moja.

"Na wakiwa wawili kwenye namba moja, mwanangu?"

"Namba moja, mtu mmoja, mama," nikamjibu, na nadhani nilitabasamu.

Aliyenipinga alikuwa mmoja tu, rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anaishi Kahama na kuandika programu za mashine za mpunga. Nilimtumia kazi yangu aisome, kwa kweli nikitaka anisifu. Akanipigia simu kabla chai yangu haijapoa.

"Unafuta watu," alisema.

"Sifuti. Nabadilisha."

"Kubadilisha palepale ni kufuta kwa adabu. Mgonjwa akihama kitanda, nesi hachani faili lake ili apate pa kumwandika anayefuata. Anafungua faili jingine."

Alikuwa ameshikwa na ule mtindo wa programu ambao thamani, yaani data yoyote, ikishazaliwa haiguswi tena. Ukitaka tofauti unatengeneza mpya, na ile ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Unaandika vipande vidogo vya kazi, kila kimoja kinapokea kitu na kutoa kitu kingine, bila kuchokonoa chochote njiani. Tulipokuwa chuo mambo hayo yalikuwa ya lugha za maprofesa, lugha ambazo hakuna mtu wa Shinyanga niliyemjua aliyewahi kulipwa kwa kuziandika. Siku hizi yameingia mpaka kwenye lugha zetu za kutafutia ugali. Java ina rekodi ambazo ukishazijaza huwezi kuzigusa. Python ina orodha zilizofungwa. Karibu zote zinakuwezesha kupitisha orodha upande huu na kupata orodha mpya upande ule, ya kwanza ikiwa salama. Rafiki yangu aliyaeleza haya kama mtu aliyeokoka juzi, na mimi wahubiri wa simu huwa nawachoka haraka.

"Hizo ni falsafa za watu ambao umeme wao haukatiki," nikamwambia. "Na kwanza, nimeweka final."

Final ni neno la Java linalotangaza kwamba kitu hiki kimekaa, hakibadiliki. Nilikuwa nimelipanda kila mahali, na nililitaja kwa kiburi.

Alicheka. "Final inafunga jina lisiende kwingine. Haifungi kilichomo ndani. Umetia kufuli kwenye geti, ukuta huna."

Nilikasirika. Nilimwita msomi wa mapumba, nikamwambia kama anajua sana basi aende yeye Runzewe akaonane na tope. Akanisihi kwa upole: angalau nihifadhi orodha ya asubuhi, ili karani aweze kulinganisha walioingia alfajiri na waliopo sasa. Ili aniache, nikaongeza kitufe kilichoandikwa "Asubuhi". Nyuma ya kitufe hicho kulikuwa na ule mstari mfupi: orodha ya asubuhi ni sawa na orodha. Nikabonyeza, majina yakaja. Nikafunga kompyuta nikaenda kununua vitumbua.

Nilifika shimoni siku ya kwanza programu ilipoanza kutumika bila daftari. Nilivaa viatu vyeupe, jambo linaloonyesha akili yangu ilikokuwa. Ilikuwa saa saba mchana. Mama karani alikuwa chini ya turubai, simu mkononi, daftari halipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwadila, mwanangu," akaniamkia na kwa Kisukuma. "Kitu chako kinafanya kazi vizuri. Sijaandika hata herufi moja tangu asubuhi."

Nilisimama nyuma yake nikitazama. Wachimbaji walikuwa wanapanda kupisha baruti, mmoja mmoja, wamepauka vumbi la mwamba mpaka kope. Kila aliyetoka alitaja namba yake, mama akabonyeza, hali ikageuka kutoka ndani kuwa nje. Tatu. Kumi na moja. Saba. Tano. Wakanawa kwenye pipa na kwenda kukaa kwa mama lishe, ambaye jiko lake lilikuwa upande wa pili wa turubai. Pale kila mtu huagiza chakula kabla ya kushuka, apate kukikuta kikiwa tayari. Wa mwisho kupanda alikuwa mlipuaji, mwanamume mwembamba asiyepoteza maneno, akivuta waya nyuma yake. Baruti ilikuwa imeshapangwa kwenye matundu. Ilibaki kuunganisha waya na betri.

"Watu?" akauliza.

Mama karani akasoma. "Sifuri."

Mlipuaji akanigeukia. Labda aliona viatu vyangu, akajua mwenye kitu ni mimi.

"Dada wa programu. Sifuri ni sifuri?"

"Sifuri ni sifuri, kaka."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Mlipuaji alichuchumaa na kuanza kumenya ncha za waya kwa meno. Wakati huo mama lishe akaja kutoka jikoni kwake ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Hii ya nani? Ugali na dagaa, ya namba saba. Inapoa."

Kijana mmoja aliyekuwa anakula aliinua mkono wenye tonge. "Mama, saba ni mimi. Mbona nimeshapewa?"

"Wewe umeagiza maharage. Saba nimewapikia wawili."

Hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Sikushtuka. Niliudhika! Niliona mtu wa masufuria anaharibu siku yangu mbele ya wateja wangu. Nikachukua simu kwa mama karani, nikamsogezea mama lishe kioo karibu na uso, nikamwonyesha mstari wa saba. Jina moja, la yule kijana, hali: nje.

"Mama, saba ni mmoja. Na kama huamini, tazama hata asubuhi."

Nikabonyeza kitufe cha asubuhi, kwa madaha, kama wakili anayetoa ushahidi. Orodha ikafunguka. Namba saba: jina la yule kijana.

Kijana alikuwa amesogea kuchungulia. Tonge likabaki mkononi.

"Asubuhi mimi nilikuwa sijafika," alisema. "Nimekuja saa tano kumpokea kaka yangu."

"Asubuhi huyo kaka yake nimempa uji kwa mkono wangu huu," mama lishe akasema. "Alikuwa anatetemeka. Nikamwambia baba, usishuke. Akashuka."

Niliisoma tena ile orodha, nikaisoma tena, kana kwamba nikiikazia macho itaona haya na kusema kweli. Simu ilikuwa inaniambia, bila kusitasita, kwamba mtu aliyekunywa uji pale alfajiri hakuwapo duniani.

Mlipuaji ndiye aliyeelewa kabla yetu sote. Aliutupa waya upande mmoja, akaikumbatia betri kifuani kama mtoto mchanga, akatembea nayo hatua nyingi mbali na sisi, akaiweka chini na kuikalia.

"Kaka hakutokea kwa jirani?" kijana akauliza, akimtazama kila mmoja wetu. Maduara ya pale yameungana chini, na mtu anaweza kuingilia kwenu akatokea kwa wenzenu. Aliposhuka saa tano na kumkosa kaka yake, ndivyo alivyodhani. Mchimbaji mmoja alikimbia hadi duara la jirani. Tulimwona akiongea na watu kule, tukawaona wale watu wakitikisa vichwa.

Mama karani alinigeukia. Nilikuwa bado nimeikamata simu yake kwa mikono miwili.

"Kwenye daftari ningemwandika chini ya kaka yake," alisema polepole. "Wangekuwa wawili, ningewaona. Hiki kilinikatalia, kikamweka mmoja. Nikadhani ndiyo utaratibu." Kisha akaongeza, bila hasira hata chembe, "Kaa nacho kitu chako, mwanangu."

Afadhali angenipiga.

Mlipuaji alishuka kwanza kwenda kutenganisha nyaya za matundu, betri akamwachia mtu aikalie. Nyuma yake akafuata kijana na wengine wawili. Sisi tulibaki juu tukitazama mdomo wa shimo. Sikumbuki ni muda gani. Nakumbuka mama lishe bado alikuwa ameshika ile sahani, na hakuna aliyemwambia aiweke chini.

Walimkuta kwenye njia ya pembeni, mahali penye joto, amejifunika kiroba. Homa ilikuwa imempanda. Alijilaza kidogo kumsubiri mdogo wake, usingizi wa malaria ukamchukua. Mlipuaji aliposhuka kupanga baruti hakupita njia ile, hakuwa na sababu ya kupita. Kutoka pale alipolala hadi tundu la kwanza la baruti, waliniambia, ukinyoosha miguu mara sita umefika.

Winchi ilimtoa akiwa amefungwa kamba kwapani, amefumba macho kwa sababu ya mwanga. Watu walipiga kelele, mama lishe akapiga vigelegele huku analia. Mimi nilikimbilia nyuma ya lundo la mawe nikatapika juu ya viatu vyangu. Nilipoinua kichwa mlipuaji alikuwa amesimama mbele yangu.

"Dada," alisema. "Sifuri yako ilikuwa na mtu ndani."

Akaondoka.

Nilifungua kompyuta nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nikasoma kazi yangu kama mtu anayesoma barua ya mwizi. Kosa la kwanza nilikuwa nalijua tayari: jina la mdogo lilikaa juu ya la kaka, na mdogo alipotoka, namba ikatoka na wote wawili. Lakini kitufe cha asubuhi? Kile si nilikihifadhi? Nikaufikia ule mstari, na hapo nilishtuka mara ya pili, mshtuko wa kimya, mbaya kuliko wa kwanza. Orodha ya asubuhi ni sawa na orodha. Java haikunakili kitu. Nilidhani nimepiga picha ya asubuhi, kumbe nimeipa orodha moja majina mawili. Kila mara karani alipobadilisha mchana, alikuwa anabadilisha na alfajiri. Na juu ya mstari huo huo, kwa herufi safi, lilikuwapo neno langu la fahari, final.

Nilimpigia rafiki yangu wa Kahama. Nilimweleza yote, hata viatu. Nilitaka anicheke, aniambie mkataa pema pabaya panamwita, nipate kukasirika na kupumua. Hakucheka.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai."

"Basi andika upya."

Niliandika upya, wiki mbili bila kazi nyingine. Sasa hakuna kinachobadilishwa. Fulani ameshuka kwa namba saba, saa fulani: mstari mmoja, umefungwa, haufunguki. Fulani mwingine ameshuka kwa namba saba: mstari wa pili. Fulani amepanda: wa tatu. Simu haiulizwi tena nani yupo kana kwamba inajua. Inaipitia mistari yote tangu alfajiri na kuhesabu nani alishuka na hakupanda, kila mara upya. Kumbukumbu haikujaa. Ile hofu yangu ya simu ya bei nafuu ilikuwa upuuzi mtupu: siku nzima ya wachimbaji wote ni ndogo kuliko picha moja ya harusi. Na mama karani alikataa kuliacha daftari, akawa anatumia vyote viwili. Sikumbishia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi iliyofuata ile siku, nilikwenda zahanati alikolazwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, dripu mkononi, mdogo wake ameketi miguuni pa kitanda. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye niliyeandika kile kitu cha kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa natamani kutukanwa.

Yeye alitaka kuelewa.

"Kwa hiyo simu ilisema nimetoka."

"Hapana, kaka. Ilisema hukuingia."

Mdogo wake alikuwa anatazama sakafu.

"Nilifutwa saa ngapi?"

Nilitoa kwa mazoea ile simu ya kikundi niliyobaki nayo, nikafungua, nikatafuta. Hapakuwa na saa. Hapakuwa na mstari wowote wa kusema kwamba jina lake liliwahi kuwapo. Nilimwambia sijui.

"Kwa hiyo kama baruti ingelipuka, hapo pameandikwa sikuja kazini."

"Ndiyo."

"Na mimi ningejua umekimbilia rashi mpya," mdogo wake akasema bila kuinua uso. Wachimbaji huenda kwenye rashi, machimbo yaliyogunduliwa karibuni, bila kuaga; dhahabu ikisikika mahali asubuhi, jioni nusu ya watu hawapo, na hakuna anayeanza kuwatafuta. "Kila mtu angejua hivyo. Nyumbani ningewapigia simu niwaambie hivyo hivyo."

Mgonjwa aligeuza macho dirishani.

"Mke wangu angenisubiri," alisema.

Nikamwambia ndiyo, angemsubiri.